Jogoo wa Shamba Hawiki Mjini, Ila Kwenye Insha

Wasee, leo tuongee kuhusu jogoo.

Methali yake mnaijua: jogoo wa shamba hawiki mjini. Lakini fungua daftari la insha la mtoto wa Gredi ya 5 hapa Nairobi, daftari lolote lile, na utampata huyo jogoo amefika mjini na anawika kwenye mstari wa kwanza. Ni alfajiri na mapema. Majogoo yanawika. Ndege wanaimba nyimbo tamu mitini. Jua linachomoza kwa madaha kutoka mashariki. Mhusika anadamka, anapiga mswaki, anaoga, anavaa, anastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi, anawaaga wazazi. Ukurasa umeisha na bado hakuna kitu kimetokea.

Mimi naishi Pipeline, Embakasi. Jogoo ninayemwona huku huwa amefungwa miguu, yuko njiani kuuzwa. Kinachotuamsha ni mlango wa chuma wa jirani, mkokoteni wa muuza maji, na makanga akiita watu wa tao. Miti ya ndege kuimbia hakuna. Jua lenyewe linatufikia saa sita mchana, kama litafika, kwa sababu ploti inayofuata iko karibu hadi unaweza kumpitishia jirani chumvi dirishani.

Lakini watoto wa ploti yetu, wale huniletea madaftari jioni niwasaidie na kazi ya shule, wote wanaamkia shambani. Kila insha. Hata insha ya "Umuhimu wa Usafi" ina jogoo.

Sitaki kuwacheka hawa watoto. Nataka kusema jambo moja, na nitalisema polepole: tunawafundisha watoto kupamba kabla hatujawafundisha kusema. Na mtoto akipamba miaka sita bila kusema kitu, anajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha. Anajifunza kwamba kuandika ni kudanganya kwa lugha tamu.

"Hiyo si insha, anti"

Kuna msichana wa orofa ya sita, yuko Gredi ya 6. Aliniletea insha ya "Siku Sitakayoisahau". Ilikuwa na ajali. Matatu ilikuwa inaenda kasi kama umeme, dereva akashindwa kuidhibiti, damu ikatapakaa kote, ving'ora vikalia. Mwisho akaweka methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikamuuliza, hii ajali uliiona wapi? Akasema hakuiona. Nikamuuliza, na hawa abiria, mkuu wao ni nani, na aliwaambia nini wakakataa kusikia? Si walikuwa wanaenda nyumbani tu, bana? Akacheka. Akaniambia insha lazima iishe na methali, na hiyo ndiyo alikuwa anaikumbuka.

Basi nikamwambia, weka kalamu chini, niambie tu kwa mdomo. Ni siku gani huwezi kuisahau?

Hakufikiria sana. Akaniambia kuhusu ile wiki maji yalipotea ploti nzima kwa siku nne. Mathe wake alimtuma na mtungi wa lita 20. Akapanda ngazi akipumzika kila orofa, mara mkono wa kulia, mara mkono wa kushoto. Kufika orofa ya nne, kifuniko kikatoka. Maji yote yakashuka ngazi. Alijua sasa atatukanwa. Milango ikafunguka, akina mama wakatoka, lakini walitoka na beseni na vitambaa. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanayafuta yale maji sakafuni na kuyakamua ndani ya ndoo, kwa sababu hata maji ya ngazi yanaweza kumwagwa chooni. Mama mmoja akamjazia nusu mtungi kutoka kwa maji yake mwenyewe, halafu akamwambia asimwambie mamake.

Ilimchukua dakika tatu kunihadithia. Mwanzo nilicheka, mwisho nikanyamaza. Nikamwambia, andika hiyo.

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa mambo ya shule. "Hiyo si insha, anti. Hiyo ni kitu ilifanyika tu."

Manze, hiyo sentensi imekaa na mimi. Huyu mtoto ana hadithi yenye kiu, aibu, majirani na siri, na anaamini haifai kuandikwa. Ana ajali ambayo hajawahi kuiona, na anaamini hiyo ndiyo inafaa. Hakuzaliwa akifikiri hivyo.

Jogoo alitoka wapi

Jogoo alitoka kwa mtihani. Mtihani wa KCPE ulianza 1985 na wa mwisho ulifanywa 2023. Karatasi ya insha ilikuwa dakika 40 kwa alama 40. Mara nyingi ulipewa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia, hujui ni gani hadi karatasi ifunguliwe, halafu saa inaanza kukimbia. Anayesahihisha hakujui. Ana rundo la karatasi mbele yake na anatafuta vitu anavyoweza kuhesabu haraka: hati, tahajia, msamiati, tamathali, methali.

Sasa fikiria wewe ni mwalimu au mwanafunzi. Kichwa cha insha hukijui, lakini unajua maksi zinatoka wapi. Utafanya nini? Utaandaa sentensi zinazoingia kwenye kichwa chochote. Na hakuna kitu kinachoingia kila mahali kama asubuhi, kwa sababu kila hadithi ina asubuhi. Basi jogoo akaajiriwa. Akaja na wenzake: mrefu kama mlingoti, macho yalinitoka pima, kijasho chembamba kikanitiririka, nililia kwikwi. Kuna vijitabu vizima vya misemo ya kukariri. Huu haukuwa ujinga. Ulikuwa ujanja wa kupita mtihani, na kwa wengi ulifanya kazi.

Shida ni kwamba tulichukua ujanja wa mtihani tukauita uandishi mzuri.

Hata vitabu vizuri tulivisoma hivyo. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka wa 1996, na tangu wakati huo watoto wengi wamechota msamiati humo kama watu wanaochota maji kisimani. Lakini kinachokufanya usiweke kile kitabu chini ni Kongowea Mswahili, kijana anayetoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Unataka kujua kama atampata. Sisi tulichukua maneno tukaacha kutafuta. Tukaandika sentensi zenye harufu ya Walibora kuhusu watu wasiotafuta chochote.

Sasa KCPE imeisha. Watoto wa CBC wanafanya KPSEA, iliyoanza 2022, ambayo ilipoanza karatasi zake zilikuwa za kuchagua jibu, na uandishi ukaachiwa zaidi tathmini za shuleni. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni nzuri: mtoto hana tena zile dakika 40 za KCPE zinazomsubiri mwisho wa safari, kwa hivyo mwalimu ana nafasi ya kumfundisha kuandika kwa utaratibu. Ya pili ni ile tunayoijua sisi Wakenya: kisichotahiniwa hakifundishwi. Nikiangalia madaftari ya ploti yetu, naona njia ya pili na jogoo bado yupo. Mtihani umekufa, ujanja wake umebaki.

Twende Italia kidogo

Najua kuna mtu atasema hadithi za ngazi na mitungi ni sawa, lakini mtoto wa mtaa kwanza anahitaji msamiati, mambo yake atayasema baadaye. Huyo ningependa ajue kuhusu kijiji kinaitwa Barbiana.

Barbiana iko milimani katika jimbo la Toscana, Italia. Mwaka wa 1954 padri mmoja, Lorenzo Milani, alipelekwa huko. Watu walikuwa wakulima maskini, na wengi wa watoto wao walikuwa wameangushwa na shule za serikali. Akaanzisha shule yake. Mwaka wa 1967 wanafunzi wa pale, wavulana wanane, wakatoa kitabu kinachoitwa Lettera a una professoressa. Ni barua. Wamemwandikia mwalimu anayeangusha watoto kama wao, wakimwonyesha, kwa hoja na kwa hesabu, kwamba shule inawatupa watoto wa maskini na kubaki na watoto wa matajiri. Italia nzima iliongea kuhusu hicho kitabu, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi.

Lakini mimi kilichonishika ni vile walikiandika. Kila mmoja alitembea na kidaftari. Wazo likija, linaandikwa hapo hapo. Baadaye kila wazo likawekwa kwenye karatasi yake, karatasi zikatandazwa mezani, yanayojirudia yakaondolewa, yanayofanana yakawekwa pamoja. Yale marundo yakawa sura. Wakaandika, halafu wakaanza kukata: neno lisilo na kazi, sentensi inayobeba mambo mengi, kitu ambacho si kweli. Mwishowe wakaita watu wa nje, na walipendelea watu ambao hawakusoma sana. Wasikilizaji wakikwama mahali, pale panaandikwa upya. Na hawakujiwekea saa.

Hebu linganisha. Sisi tunamfundisha mtoto kumwandikia mtu mmoja aliyesoma sana, mara moja, ndani ya dakika 40, kuhusu kitu ambacho hakimhusu. Wale waliandika kwa watu wengi, wakapima maneno yao kwa wale ambao hawakusoma sana, wakarudia mara nyingi, kuhusu kitu kilichowauma. Na hao ndio watoto walioambiwa hawana akili ya shule.

Vile tunafanya kwenye ngazi

Mimi si mwalimu. Nina jioni tatu kwa wiki, ngazi za ploti, na watoto saba au nane kulingana na nani ametumwa dukani. Lakini kuna vitu nimeona vinafanya kazi, na havihitaji pesa.

Kwanza, tunaongea kabla ya kuandika. Mtoto asipokuwa na la kusema kwa mdomo, kalamu haitamsaidia. Namuuliza tu: uliona nini? Kulikuwa na nani? Walisema nini? Halafu nini kikafuata? Maswali manne, na mara nyingi insha tayari imeshatoka kabla daftari halijafunguliwa.

Pili, anaandika mara ya kwanza kwa lugha aliyo nayo. Ikiwa ni Sheng, sawa. Ikiwa kuna neno la kwao, aliache hapo. Kuna watu wataruka wakisikia hivi, lakini jiulize: ukimkatiza mtoto kila neno la tatu umrekebishe, atakuwa anafikiria hadithi au anakufikiria wewe? Hii nchi ina historia mbaya ya kuwanyamazisha watoto kwa jina la lugha. Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, anaeleza vile watoto waliopatikana wakiongea Gĩkũyũ shuleni walichapwa na kuvishwa vibao vya aibu. Mtoto aliyefundishwa kwamba lugha yake ni kosa hawezi kuleta maisha yake kwenye karatasi, kwa sababu maisha yake yako ndani ya hiyo lugha. Kiswahili sanifu kitakuja, tena ni lazima kije, lakini kije mara ya pili.

Tatu, anamsomea mtu ambaye hakuwepo. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Yule msichana wa mtungi aliandika mwishowe, na tukashuka akamsomea soja wa geti. Soja akasikiliza vizuri, halafu akauliza swali moja: kwani kifuniko kilitokaje? Msichana akashtuka. Yeye anajua kifuniko kilikuwa kimepasuka na kilifungwa na kipande cha nailoni, lakini hakuwa ameandika. Kichwani mwake kilikuwepo, kwenye karatasi hakikuwepo. Hilo ndilo somo lote la uandishi, wasee, na alifundishwa na soja kwa swali moja. Hakuna kalamu nyekundu ingemfikisha hapo.

Nne, anaandika tena. Sio kunakili kwa hati nzuri. Anaandika tena: anaongeza kile soja alikosa, anaondoa kile hakuna aliyekihitaji. Hapa ndipo tunarekebisha lugha, na tunarekebisha kitu kimoja kwa wakati. Wiki hii ni nukta na herufi kubwa. Wiki ijayo ni ngeli. Ukimrudishia mtoto ukurasa uliojaa wino mwekundu, hataona makosa ishirini. Ataona kosa moja, na hilo kosa ni yeye.

Tano, pambo linakuja mwisho, likiwa na kazi. Alipomaliza kuandika mara ya pili, yule msichana aliniuliza mwenyewe: anti, kuna methali ya yule mama aliyenipa maji? Nikampa: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akaiandika. Na mara hii methali haikuwa kofia iliyovishwa mtu asiye na kichwa. Ilikuwa imekaa mahali pake, vile wazee wanazitumia: jambo linatokea kwanza, halafu neno linalifuata.

Mtaniambia

Mtaniambia mwalimu ana watoto 60 darasani. Ni kweli, na sitajifanya sioni. Hesabu ni rahisi: insha 60, dakika 5 kila moja, ni dakika 300. Saa 5 za kusahihisha insha moja, kwa darasa moja, somo moja. Mwalimu ambaye tunamlaumu mitandaoni anasahihisha usiku huku mtoto wake mwenyewe akisubiri chakula. Ndiyo maana anatafuta misemo na kuweka alama ya vema. Yeye pia anatafuta njia ya kupumua.

Lakini angalia hizo hatua tano. Nyingi hazimhitaji mwalimu. Watoto wawili wawili wanaweza kusomeana na kuulizana swali moja: ni wapi hukuelewa? Mtoto anaweza kuandika insha nne kwa muhula na kuchagua moja tu, ile anaipenda, ya kuandika tena na kupeleka isahihishwe. Mwalimu asome insha chache zilizofikiriwa mara mbili, kuliko nyingi zilizoandikwa ili zihesabiwe. Na mzazi ambaye hakumaliza shule anaweza kusikiliza. Tena yeye ndiye msikilizaji bora, uliza wale wa Barbiana.

Mtaniambia pia nawanyima watoto utamu wa lugha. Hapana. Mimi napenda Kiswahili kitamu kuliko wengi wenu. Kinachoniudhi ni utamu bila chakula. Mtoto anayeandika "maji yalishuka ngazi kama watoto wametoka shule" amebuni tashbihi yake mwenyewe. Haiko kwenye kijitabu chochote. Aliitoa kwa macho yake. Huyo ndiye anaelekea kwenye lugha tamu, kuliko yule wa mrefu kama mlingoti ambaye hajawahi kuona mlingoti.

Na kuna wale mtaniambia siku hizi haina haja, ChatGPT itaandika. Hii ndiyo hoja inayonifanya niwe na haraka. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na leo ukiiambia ikupe insha ya asubuhi yenye jogoo na methali, utaipata kabla hujafunga dirisha. Ile aina ya insha tuliyoipigia makofi miaka yote ndiyo ile mashine inaweza bila shida, kwa sababu ilikuwa kazi ya mashine tangu mwanzo: chukua vipande vilivyo tayari, vipange, maliza. Tukiendelea kuwafundisha watoto kuandika kama mashine, tusije kushangaa mashine ikikaa kwenye kiti chao. Kitu ambacho haiwezi ni kupanda zile ngazi na ule mtungi. Haikuwepo. Mtoto alikuwepo. Kuwepo kwake ndiyo mali yake, na ndiyo tunamwambia aiache nje ya darasa.

Si mambo ya maksi

Acha niseme kwa nini hii kitu inaniuma kuliko maksi.

Wengi wetu tunajua kinachotokea mtu akikua na insha ya jogoo peke yake. Anamaliza chuo, anaombwa barua ya kazi, anaandika kwamba yeye ni kijana mwenye bidii ya mchwa na anaweza kufanya kazi chini ya uangalizi mdogo. Amefanya kazi kwa duka la mjomba miaka mitatu, anajua kuhesabu stoki akiwa amefumba macho, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu hilo. Alifundishwa kwamba kitu kilichofanyika tu hakiandikwi.

Au mwenye ploti anafunga maji, na wapangaji wote wana hasira. Wanapiga kelele kwa grupu ya WhatsApp usiku kucha. Hakuna anayeandika karatasi moja: maji yalipotea tarehe hii, tulimwambia keateka tarehe hii, alijibu hivi, tunaomba hivi, na majina yetu haya hapa. Kelele unaweza kuiondoa kwa simu. Karatasi yenye tarehe ni ngumu kuiondoa.

Juni 2024 tuliona kinyume chake. Mswada wa Fedha ulikuwa kurasa na kurasa za lugha ya sheria, na vijana wakauchukua wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, hadi mama mboga akajua ni kipi kinamgusa na kwa njia gani. Kuchukua kitu kigumu, kukiandika waziwazi kwa mtu asiyekuwepo, bila kumdanganya: huo ndio uandishi mzuri niliowahi kuuona kizazi chetu kikifanya. Hakukuwa na jogoo hata mmoja. Na wengi walijifunza wenyewe, mtandaoni, baada ya miaka mingi ya insha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Hizo ni haki za kuandika, zaidi ya chochote. Unaulizwa: nini kimetokea, kimekuumiza vipi, unataka nini? Ni yale yale maswali ya kwenye ngazi. Mtoto aliyejibu maswali hayo akiwa na miaka kumi hatayaogopa akiwa na miaka ishirini.

Na kuna jambo zito zaidi, nitaligusa tu. Kuna siku mtoto atahitaji kumwambia mtu mzima kitu kibaya alichofanyiwa, na kuamuliwa kwa hilo jambo kutategemea kama anaweza kueleza kilichotokea, kwa mpangilio, kwa maneno yake. Mtoto aliyezoea kwamba yaliyompata si ya kusemwa, tumemwacha peke yake siku hiyo.

Kwa hivyo

Siombi serikali ibadilishe mtaala. Wengi wenu mnaosoma hapa mna mdogo wenu nyumbani, au mpwa, au mtoto wa jirani anayekuja kuchaji simu kwenu. Wewe ndiye unatosha.

Jioni hii mwite. Muulize leo uliona nini, halafu nyamaza, usimsaidie. Akimaliza, mwambie aandike hivyo hivyo vile ameongea. Akikuletea, usishike kalamu. Msikilize akisoma, halafu muulize swali moja tu, pale ambapo hukuelewa. Atarudi kuandika tena, na mara ya pili itakuwa bora kuliko ya kwanza, na ataona mwenyewe kwamba imekuwa bora.

Akikuambia hiyo si insha, mwambie mtu wake mkubwa amesema ni insha, na anataka kujua iliishaje.